Mahamri ya Shangazi, Mbaazi za Jirani

Asubuhi za siku zile hazinitoki, mwanangu Saumu, hata leo nikipita Ndia Kuu hapa Mombasa. Nilikuwa kijana wa kuchukua mizigo bandarini Kilindini, nina misuli na maneno mengi, nakaa kwa shangazi yangu, Bi Mwanaisha. Yeye alikaanga mahamri barazani kwake, kichochoro cha nyuma. Mlango wa pili Bi Zuhura, mjane, alipika mbaazi za nazi. Mtu akinunua mahamri hapa, asogea pale amwagiwe mbaazi, ala palepale amesimama, kisha aenda zake. (Mbaazi zile, usinikumbushe. Daktari amenikataza nazi, nami simsikii vizuri.)

Basi Bi Zuhura akachukuliwa na mwanawe kwenda kuishi Ganjoni. Mimi nikafurahi, wallahi. Nikamwambia shangazi, "Sasa kichochoro ni chako peke yako. Pika vyote viwili."

"Haya, tuone," akasema.

Akapika vyote. Akigeukia chungu cha mbaazi, mahamri yaungua. Akirudi kwenye karai, mbaazi zashika chini. Watu wakangoja, wakachoka, wakaenda kunywa chai mtaa mwingine. Mkono mmoja haulei mwana. Na jiko lile ndilo lililotulisha nyumba nzima, maana kazi ya bandarini leo ipo, kesho haipo. Shangazi akaanza kunena habari ya kulizima.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka sasa nalizungukia, silimalizi. Ghorofani kulikuwa na mpangaji, Mama Mutua, mtu wa Ukambani, mumewe karani wa reli. Shangazi akampa nusu ya baraza na jiko la pili, bure.

"Mimi mbaazi napika na mahindi," Mama Mutua akasema. "Nazi nitaijulia wapi?"

"Nazi haiumi, mwanangu. Kaa nikufunze."

Nikamvuta shangazi kando. "Wamfunza mtu aje akunyang'anye wateja?"

Akanitazama, unga umemjaa mikononi. "Wewe wautazama mlango wangu tu, ndia huioni. Hawa wateja nilikuwa nao peke yangu? Nyamaza, ukamchotee maji mwenzangu."

Nikachota. Mbaazi za kwanza, nisiseme uongo, zilikuwa maji matupu. Lakini watu wakarudi, na Mama Mutua naye akaleta watu wa reli, ambao mahamri ya shangazi hawakuwahi kuyaonja. Jiko halikuzimwa.

Sasa nasikia wewe umepata nafasi ya shahada ya pili, wasomea maendeleo ya uchumi wa mitaani na ujasiriamali. Mimi shule niliiacha darasa la nne, hata jina lenyewe nalitamka kwa kupumzika katikati. Waniambia mwalimu ataka uchague mfanyabiashara mmoja umfuatilie, nawe wamfikiria yule mwenye duka kubwa la vinyago. Ni mtu mwema. Lakini nakuuliza, kwa kuwa sijui: nani alipanga kwamba huyu akaange na yule apike? Hakuna kikao kilichokaliwa. Je, vitabuni jambo hilo lina jina? Ukilipata, njoo unieleze, nami chai nitatia mwenyewe. Kuuliza si ujinga.

Nenda ukasome, mwanangu. Usiwasikize wasemao biashara hurithiwa, haisomewi. Mama Mutua hakuzaliwa na nazi mkononi, alifunzwa. Ukifika kwa huyo mwenye duka, usimuulize amefanikiwaje, maana atajisifu mpaka adhuhuri. Muulize ni nani ambaye akiugua homa kesho, duka litakwama. Kisha umfuate huyo, umuulize vivyo hivyo, na mwingine tena, mpaka miguu ikuume. Hapo utakuwa umeuona mtaa. Na siku utakapofungua lako, mtafute mwenzio kabla hujamtafuta mteja.

Mola akutangulie kila mlango utakaobisha, akupe ulimi wa kuuliza na subira ya kungoja jibu, na elimu yako iwafae wengi kuliko wewe. Amina.