Mbunge Aliyeijua Nyumba Yangu

Mwanangu, nakumbuka mchana ule Orvin Teskey, mbunge wetu katika bunge la jimbo la Ontario, alipokuja kula pilau kwangu, mtaa wa Parkdale. Alituambia hajawahi kukanyaga jengo letu. Lakini alipotaka kunawa hakuuliza. Alipita milango miwili iliyofungwa, akafungua wa tatu, wa bafu, akawasha taa bila kuitafuta swichi. Nikaendelea kupakua pilau.

Bakari Mnyone, aliyemleta, ndiye aliyetutafsiria. Alisema Mheshimiwa anapeleka bungeni sheria ya kukarabati majengo chakavu. Wapangaji tumuunge mkono kwa sahihi. Kazi ya kuzikusanya nikapewa mimi.

Jirani yangu Bi Zuhura, karani mstaafu, aliniita pembeni. Akasema kila mbunge huandika mali zake na za mkewe, na karatasi hiyo yeyote anaruhusiwa kuiona. Niisome kwanza.

"Mgeni amekula kwangu, bibi, nimpekue mifuko?"

"Kaandika mwenyewe, baba. Wewe soma tu. Au unaogopa utakachokiona?"

Nikacheka. Darasa la nne sikumaliza, nikaona haya kumwambia kusoma kunanishinda.

Nikazikusanya sahihi, sheria ikapita. Barua zikaanza kuingia chini ya milango: mwenye jengo sasa anaruhusiwa kututoa ili akarabati. Ghorofa baada ya ghorofa watu wakahama. Fundi hata mmoja hakuja. Tukabaki mimi na Bi Zuhura. Mchana kweupe lifti ilisimama kwenye ghorofa tupu, ikafungua mlango, ikangoja, ikafunga. Nyuma ya mlango wa watu walioondoka zamani nilisikia bomba la maji likifunguliwa. Nikapiga hodi. Likafungwa.

Hatimaye nilimkiria Bi Zuhura kwamba kusoma kunanishinda, naye akanisomea ile karatasi huku akifunga mizigo yake. Jengo lilikuwa la kampuni ya mke wa Teskey, na lilikuwa limeandikwa hapo hata kabla sijapika lile pilau. Baadaye nikajua Bakari naye alikuwa mtu wao, analipwa. Bibi hakunilaumu. Alihamia mji wa Pickering kwa mwanawe, akafa kabla theluji haijayeyuka.

Teskey ametenda. Bakari ametenda. Na aliyepita mlango kwa mlango na kalamu ni mimi.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akitaka sahihi yako kwa ajili ya sheria yake, uliza kwanza yeye na mkewe wana mali gani, na nani atanufaika. Hata kama ni mgeni wako. Kusoma kukikushinda, sema, usomewe. Nenda, Mungu akuzeeshe katikati ya majirani zako.