Bwana Maini na Ng'ombe Aliyefanana na Mbwa

Enzi zetu nyama ilikuwa na maneno. Ulinunua nusu kilo, ukaifungua nyumbani, ukasoma. Mnakumbuka, nyinyi wenzangu mliokulia miji ya baridi kule Kenya: nyama inatoka bucha imefungwa gazeti kuukuu, wino umehamia kwenye mafuta, ukigeuza ubavu unakuta uso wa waziri umejichapa kinyumenyume. Hapa Small Heath, huku kwa Waingereza, nyama inakuja kwenye plastiki, bubu kabisa, haina la kukwambia.

Nasema haya kwa sababu sijatulia tangu Jumapili. Nakaa, nainuka. Naweka chai, naisahau. Jana nimepanda basi mpaka Coventry Road bila haja ya kununua chochote, nikashuka, nikapanda la kurudi. Mjukuu wangu Ifrah amenichora katuni, na katuni hiyo imefungua kitu nilichokifunga mwenyewe zaidi ya miaka arobaini iliyopita. Ndani sikukuta nilichokuwa nimekiweka. Basi naandika. Shule nilikwenda miaka mitatu na nusu, kwa hivyo mkiona herufi zimelala, ziinueni wenyewe.

Baba alikuwa na bucha Nanyuki. Ndevu za hina, mwanya wa kupitisha njugu, na kicheko kilichosikika mpaka stesheni. Sakafuni tulimwaga maranda ya mbao yanywe damu, na mpaka leo nikipita penye fundi seremala nasikia harufu ya nyama ambayo haipo. Asubuhi shule, baridi ya mlima inakata masikio, tunaandika kwa kipande cha chaki kilichobaki kama jino la mtoto. Mchana tunacheza kati na brikicho, magoti yamepauka, mpaka Mama aite. Mama akiita mara ya pili, ya tatu haikuwa ya mdomo.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukata magazeti ya kufungia nyama. Nakaa juu ya debe nyuma ya mizani, nakunja, napitisha kisu butu, napanga. Kinyozi wa jirani alituletea yake ya zamani, Baba akampa mifupa ya supu. Na katika magazeti ya kinyozi kulikuwa na lile. Mnalijua, msijifanye. Gazeti la wanaume. Mbele msichana amekalia gari kwa gauni lililoishiwa kitambaa, katikati ushauri wa bia na nguvu za kiume, na kurasa za nyuma katuni. Hizo ndizo zilizonikamata. Chifu mwenye tumbo linaloingia baa kabla yake. Mbunge aliyejificha kabatini kwa mke wa karani. Wakubwa wote waliotutisha barabarani, mle wamevuliwa suruali.

Mama alisema, "Macho yako yakigusa karatasi ile nitayapaka pilipili." Nikayagusisha kila siku. Mle ndimo nilimojifunza kusoma, nasema bila haya. Mwalimu siku moja alitaka sentensi yenye neno kabati. Nikainua mkono, nikasema, "Mbunge ameingia kabatini bila suruali." Nilichapwa, lakini sentensi ilikuwa sawa. Ila hadithi zangu nyingi hazikuwa na mwisho. Nikifika kisanduku cha tatu, Baba ananyoosha mkono, "Lete karatasi!" na mwisho unaondoka na kilo ya mtu.

Sasa kulikuwa na mchoraji wa mabango aliyekuwa akimtumia mwenye gazeti lile la wanaume katuni zake. Baba alimwita achore ng'ombe ukutani mwa bucha. Alipomaliza, Baba akatoka, akamtazama yule ng'ombe, akamuuliza mbele ya wateja wote, "Fundi, huyu ng'ombe au mbwa?" Mtaa mzima ulicheka. Na kweli alikuwa na uso wa mbwa, hata mkia. Mchoraji alifunga makopo yake ya rangi taratibu, akaenda.

Nyumbani wakati huo hakukuwa na amani. Kulikuwa na mwanamke mmoja, Bi Rehema, fundi wa cherehani, mzuri wa kutosha kumfanya mtu avae miwani. Watu walinong'ona kwamba Baba ana nia naye. Mama hakupiga kelele. Alisema mara moja tu, akipepeta mchele, "Siku mwingine akiingia nyumba hii, mimi nachukua wanangu narudi Wajir kwa kaka zangu." Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Wajir niliijua kwa jina tu. Niliona shule imekwisha, debe langu limekwisha, Baba amebaki huku na kicheko chake. Sikuwa nikilala vizuri.

Ndipo siku moja jirani yetu Mama Halima akaingia uani kwetu na karatasi imekunjwa ndani ya leso. Uso umejaa huruma ya kujipaka. "Mama wee, pole," akamwambia Mama. "Mmewekwa gazetini. Kwa kinyozi wanaume wanashika mbavu." Akaikunjua. Yeye hakujua kusoma, Mama hakujua kusoma. Mama akaniita. "Njoo utusomee."

Nikaona ng'ombe kwanza. Ng'ombe mwenye uso wa mbwa, ukutani, na chini yake mwenye bucha mwenye mwanya na ndevu. Juu imeandikwa: Bwana Maini. Visanduku vinne. Katika cha kwanza Bwana Maini anaficha maini ndani ya aproni. Cha pili ananyata barabarani. Cha tatu amepiga goti mbele ya mwanamke kwenye cherehani, anamtolea maini kama mtu anayetoa maua, na mwanamke anasema, "Bwana Maini, na moyo utaniletea lini?" Cha nne yuko nyumbani, mkewe ameshika mfupa mtupu, naye anamwambia, "Mke wangu, ng'ombe wa siku hizi wanazaliwa bila maini."

Niliona lori la Wajir limesimama mlangoni. Mama Halima amenyoosha shingo.

Basi nikasoma. Nikaweka kidole juu ya yale mapovu ya maneno, nikasoma kwa sauti ya darasani. Kisanduku cha tatu: "Bwana Maini, homa imenimaliza, damu imepungua." Cha nne: "Mke wangu, leo maini nimempa mgonjwa, tupate thawabu."

Mama Halima akanitazama kama amepewa chai bila sukari. "Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Ndivyo," nikasema.

Mama akachukua karatasi. Aliigeuzia mwanga, akaitazama muda mrefu, hasa kisanduku cha mwisho, pale mke aliposhika mfupa. Kisha akaikunja, akaitia kifuani. "Kumbe Rehema mgonjwa," akasema. "Na mimi jirani gani, hata sijampelekea kitu. Asante Mama Halima kwa kunijulisha." Mama Halima akaondoka, na leso yake haina kitu.

Kesho yake Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuja bucha, alikuja. Akasimama mbele ya wateja. "Nipe maini nusu kilo. Nampelekea mgonjwa." Baba hakuuliza mgonjwa gani. Kisu kilimteleza, akajikata kidole gumba, akaendelea kukata. Nilimpa Mama karatasi kutoka kwenye rundo langu, akaikataa. Akatoa ile ya kifuani, akayafunga maini mwenyewe, picha nje. Moyoni nilifurahi: ushahidi unaondoka, unakwenda kuliwa na damu. Nilijiona mjanja wa Nanyuki nzima.

Nikatumwa mimi. Bi Rehema alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni, mzima buheri wa afya. Akapokea kifurushi. Damu ilikuwa imepita karatasini, Bwana Maini uso mwekundu, ng'ombe-mbwa mwekundu. Aliitazama sana. Akatoa pini moja moja mdomoni, akazichoma kwenye kitambaa. Kisha akanirudishia maini vilevile yalivyofungwa, akasema, "Mwambie mama yako nimepona."

Nikarudi mbio kupeleka salamu. Mama akasema, "Alhamdulillahi," akaweka sufuria motoni. Tulikula maini siku ile, na Baba alikula akiangalia sahani. Mwezi haukuisha, Rehema akahamisha cherehani yake Nyeri. Baba akampaka chokaa yule ng'ombe. Wajir hatukwenda.

Hadithi hii nimeisimulia kwenye harusi za Nairobi, nimeisimulia kambini Uholanzi tukingoja karatasi za ukimbizi, nimeisimulia hapa kwa akina mama wa Kikongo na Wahindi wa Kisumu tukisubiri daktari. Kila mara mwisho wake ni huo huo: nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la nne sikumaliza, na niliokoa nyumba ya mama yangu kwa kujua kusoma. Wajukuu wangu wanaijua kwa moyo.

Sasa Jumapili. Tumekula kwa mwanangu Hodge Hill, sahani zimejaa sinki, na goti langu likaanza kuuma kama kawaida yake, likiona sahani huuma. Ifrah, miaka kumi na minne, masikio yamezibwa na vile vijiti vyeupe, anachora kwa kalamu isiyo na wino juu ya kioo. Enzi zetu ukikosea ulifuta kwa mate ukatoboa daftari. Huyu anagusa tu, kosa halijapata kutokea. Mama yake, Sahra, akachungulia, akauma mdomo. Nikasema, "Leteni nione."

Maneno yote Kiingereza. Ifrah akaketi kunisomea kwa kile Kiswahili chake cha kuvunjika, akiniita Ayeyo, yaani bibi, kama kawaida yake. "Hapa Ayeyo amechoka, mguu yake iko na maumivu." Akamtazama mama yake. "Hapa watu wote wanatoka na sahani. Hapa... Ayeyo yuko peke yake... anaswali."

Nikatazama. Mlango umefungwa, mimi nimepanda juu ya kiti, mguu mmoja hewani, mkono uko ndani ya bati la biskuti juu ya kabati.

"Naswali juu ya kiti?" nikamuuliza.

"Ayeyo, it's just a cartoon..."

"We mtoto! Unanidanganya mimi? Kiingereza sijui, lakini macho ninayo! Picha inataka shule?"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka.

Picha inataka shule? Mama yangu alikuwa na macho. Aliyejua uzito wa nyama kwa kuishika tu mkononi, aliyejua kila mbuzi kwa sikio lake, ashindwe kumjua mume wake na mwanya wake? Ng'ombe yule yule, cherehani ile ile, mfupa mkononi mwake mwenyewe. Hata Mama Halima alikuwa ameona, alikuja kutazama machozi tu. Na kuna jambo jingine, nalo ndilo limeninyima raha tangu Jumapili. Mama alisema, "Kumbe Rehema mgonjwa." Jina la Rehema halikuwamo kwenye karatasi. Wala mimi kwenye uongo wangu sikulitaja.

Miaka yote hii nimejisifu. Kumbe Mama aliupokea uongo wangu kama mtu anavyopokea kisu kwa mpini, akautumia kukata, akanirudishia safi, akaniacha niamini kwamba ushindi ni wa kwangu. Hakunikanusha hata alipozeeka. Amelala Nanyuki, siwezi kumuuliza kama alicheka alipokuwa peke yake.

Zamani picha ya kumcheka mtu ilikuwa moja. Ilipita mkono kwa mkono, ikalowa damu, ikaisha. Ya Ifrah imeshafika kwa shangazi zake Toronto, imeshafika Eastleigh, na wote wametuma vichwa vya manjano vinavyolia kwa kucheka. Haitaoza. Lakini huwezi kuifungia maini ukampelekea mtu, akaisoma kwenye kiganja chake akaelewa. Hilo nalionea huruma, na sijui namwonea nani.

Jumapili ile niliinuka kwenye kochi, nikaingia jikoni penye zile sahani, nikakunja mikono ya gauni. Ifrah akabaki na kalamu hewani. "Ayeyo, na goti?"

"Mwambie mama yako nimepona," nikasema, nikafungua maji.