Boti Iliyolalia Upande wa Mume Wake

Siku boti ya shangazi yangu Kandida ilipopinduka katikati ya Ziwa Duluti, mume wake alikuwa nchi kavu, anatafuna mbavu za mbuzi.

Alikuwa amesusa. Na kususa kwenyewe alikuwa na haki nako.

Ngoja niwape mkasa.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa na kila mtu Arusha anaagiza kitu Dubai. Wengine friji, wengine vipuri vya magari. Shangazi, ambaye mtaji wake wote ulitoka kwenye mitumba, akaagiza boti.

Boti ya mashine, ndogo, ya watu sita. Iliyotumika.

Ndugu zetu kule Machame walikaa kikao.

Yeye hesabu yake ilikuwa nyepesi. Watalii wanashuka Mlima Meru magoti yamekwisha, wanalala hoteli za Usa River. Wangependa kutembezwa ziwani wakiwa wamekaa.

Akamwajiri Shabani, kijana wa Tanga aliyezoea boti. Siku ya kwanza wakapanda watatu: Shabani, shangazi, na mume wake Aristides, ambaye wote tulimwita Baba Anande. Mtu mpole, mwenye mwili wake.

Shabani akaongeza moto. Pua ya boti ikanyanyuka mpaka mbele wakawa wanaona mawingu tu. Halafu boti nzima ikalalia kulia.

Kulia alikaa Baba Anande.

Shabani akapunguza moto.

"Mama, hii inataka trimtabu," akasema.

"Tabu gani tena?"

Akamweleza. Ni vibao viwili vya chuma vinavyofungwa nyuma, kimoja kila upande. Ukivishusha boti ikiwa inakimbia, maji yanavisukuma juu, nyuma inanyanyuka, pua inashuka.

Wakaenda Daraja Mbili kwa Abdulhalim, muuza vifaa vya Dubai. Akaweka aina mbili mezani. Vya springi, vinavyojipanga vyenyewe bila waya wowote. Na vya umeme, vyenye swichi mbili, kila kibao kinashushwa peke yake kuinua upande wake.

"Kama shida ni pua tu, springi inatosha," Abdulhalim akasema. "Umeme ni kwa boti inayolala upande."

Shangazi hakufikiri hata kidogo.

"Nipe vya umeme. Mume wangu ni mzito."

Alisema kama mtu anayeagiza soda. Duka zima likageuka. Abdulhalim akampima Baba Anande kwa macho, kisha akaenda kuleta vipana zaidi.

"Hapana," Shabani akakataa. "Boti ndogo hii. Vikiwa vipana mno, pua itachimba maji."

Wakachukua vya kati. Baba Anande akabeba boksi mpaka garini.

Vilifanya kazi. Shabani alishusha kibao cha kulia, boti ikakaa sawa kama meza.

Nyumbani ndiko mambo yalikopinda. Baba Anande akaacha mtori, supu yake ya ndizi. Akaacha nyama. Kanisani wenzake wakamwita Mzee wa Swichi. Anacheka nao, akirudi nyumbani anautazama ukuta.

Mwisho akasema, "Mama Anande, kwenye boti yako sipandi tena."

"Sawa."

Roho ilimuuma shangazi, ila watalii walikuwa wengi.

Sasa sikia. Baba Anande aliacha kupanda, na boti ikaendelea kulalia kulia. Shangazi aliona kidole cha Shabani kikiminya swichi ileile, kila wiki kwa muda mrefu zaidi.

"Ni nini?"

"Upepo, mama."

Akakubali. Kuusingizia upepo kulikuwa rahisi kuliko kurudi nyumbani kusema nimekosea.

Mpaka siku hiyo. Baba Anande, njaa imemshinda, yuko ukingoni na mbavu zake za mbuzi. Watalii wawili ndani, wote wamevaa maboya. Tai akatua kwenye mti, Shabani akapunguza mwendo wampige picha. Vibao vile bila mwendo havina nguvu. Boti ikalala kulia, ikaendelea kulala, taratibu, kama ng'ombe anayejinyoosha kivulini.

Watalii walikuwa bado wanapiga picha.

Shangazi hajui kuogelea. Ilipopinduka, alining'inia kwenye ubavu wa boti anamwita Ruwa, Mungu wa kwao, kwa Kichaga chote alichonacho, mpaka wavuvi wa mitumbwi wakafika. Karibu na ukingo akamwona mtu mnene ameingia majini na viatu vyake, mikono ina mafuta ya nyama, anamvuta.

Naye hajui kuogelea.

Boti ilipovutwa nchi kavu, Shabani aling'oa sakafu ya kulia. Maji yakamwagika na kumwagika. Chini yake kulikuwa na ufa wa zamani, umezibwa vibaya na kupakwa rangi. Boti ilikuwa inakunywa maji tangu siku ya kwanza. Vibao vilikuwa vinauficha ufa tu.

"Kumbe si mimi," Baba Anande akasema.

"Si wewe, Baba Anande."

"Dukani ulisema kwa sauti."

Shangazi, maji yanamchuruzika, akawageukia wavuvi, wazungu na akina mama wauza ndizi.

"Jamani! Boti ina ufa! Mume wangu nilimsingizia! Baba Anande, nisamehe!"

Mtalii mmoja akapiga makofi.

Ufa ulipozibwa sawasawa, boti ilinyooka yenyewe. Ikabaki shida ya pua tu. Shangazi akauza vile vya umeme, akataka vya springi, na aliyetumwa kwenda kuvichagua alikuwa Baba Anande, peke yake.

Boti yako au ndoa yako ikilala upande, kabla hujanunua cha kuinyanyua, fungua sakafu utazame. Na kama kuna mtu ulimchafua kwa sauti, msafishe kwa sauti ileile.