Kidonge cha Mama na Baba

Presha ya mama ilikataa kushuka, na lawama zote zikaniangukia mimi ninayepika. Kliniki walikuwa wamembadilishia dawa: badala ya vidonge viwili vya zamani, kimoja chenye dawa mbili ndani yake, ameze kila asubuhi. Kipimo kikabaki kule kule juu. Daktari akanigeukia mimi.

"Punguza chumvi, dada. Akianguka akapooza, je?"

Nikaondoa chumvi kwenye mchuzi, kwenye wali, hata kwenye mihogo, mpaka baba akaanza kula kwa jirani. Nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira.

Baba naye kichwa kilikuwa kikimgonga kila kukicha, ila hospitali haendi. Siku ya kliniki ikifika, lazima awe na safari ya Lunga Lunga.

Asubuhi moja nikamkuta mama jikoni, kisu mkononi, anakata kidonge juu ya kibao.

"Mama! Wafanya nini?"

"Namkatia babako. Daktari mwenyewe kasema ndani mna dawa mbili. Moja yangu, moja yake."

Nikajikuta nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Nikamweleza kwamba dawa hizo zimechanganywa, kama tui na unga kwenye mkate wa sinia. Ukiukata hupati tui huku na unga kule.

Akafikiri. "Kumbe kila mmoja apata zote mbili! Alhamdulillahi."

Nikapandwa na mori. Nikamwambia anajiua taratibu kwa ajili ya mwanamume anayeogopa kubanwa mkono na mashine.

"Nipone peke yangu," akasema, "kisha nikae na nani? Na wewe usiyetia chumvi?"

Baba alikuwa barazani, na sauti yangu haijawahi kuwa ndogo. Siku ya kliniki akavaa kanzu, akatutangulia njiani.

Kipimo chake kilikuwa juu kuliko cha mama. Daktari, aliyekuwa akimtania, akampima tena mkono wa pili, akaacha utani. Mama akaangua kilio mbele ya foleni yote, huku akimtukana baba: ubishi wake, safari zake, na ukoo mzima wa kwao. Baba akapewa dawa yake mwenyewe. Akaomba maji, akameza kidonge palepale. Kisha akaufungua mdomo wazi, mzee mzima, ili mama aone kwamba kimeshuka.