Zaniya Ataka Kurudi Macon

Mjini Macon, Georgia, hakukuwa na mwanafunzi aliyemshinda Zaniya Mapp kwa hesabu. Alipochaguliwa kwenda kusoma likizo ya kiangazi katika chuo kimoja cha Atlanta, pamoja na vijana Weusi wenye akili kutoka sekondari za jimbo zima, mchungaji alimsimamisha mbele ya kanisa na waumini wakampigia makofi. Baba yake Roderick, kinyozi aliyemlea peke yake tangu mkewe afariki, alibandika picha yake saluni ili kila mteja aione.

Ndiyo maana jaribio la kwanza la Atlanta lilimvunja nguvu. Alipata swali moja tu. Kamryn, msichana wa Savannah aliyelala naye chumba kimoja, alikuwa akijibu kabla Zaniya hajamaliza hata kusoma swali. Tangu siku hiyo aliinamisha kichwa darasani, akiomba asiitwe ubaoni. Alijiona amechaguliwa kimakosa, akaamini kwamba wakati wowote watamgundua.

Jumamosi moja asubuhi hakuweza tena kuvumilia. Akampigia baba yake simu, huku akijua saluni imejaa.

"Baba, njoo unichukue. Hapa si mahali pangu."

Roderick hakuuliza mengi. Aliwaomba radhi wateja, akafunga, akashika njia. Alimkuta binti yake nje ya bweni, sanduku liko miguuni. Akalipakia garini.

"Hunigombezi?" Zaniya akauliza.

"Ningetaka kukugombeza ningemalizia kwenye simu. Umemuaga mwalimu wako?"

Zaniya akatikisa kichwa.

"Basi nenda, mama. Mtoto wangu haondoki kwa watu kama mwizi wa kuku."

Daktari Tillery, mwalimu wao wa hesabu, alikuwa darasani akiwasaidia waliokwama. Zaniya alishangaa kumkuta Kamryn ubaoni, macho mekundu. Akaeleza kwamba amekuja kuaga. Mwalimu hakumbembeleza. Alimwomba tu, kabla hajaondoka, aonyeshe anakwamia wapi katika swali lile lile lililokuwa ubaoni. Zaniya akashika chaki, akaandika mpaka akafika ukingoni mwa anachokijua.

Kamryn akasogea. "Umenipita. Mimi hapo sijafika."

"Na mbona kila siku unajibu haraka vile?"

"Yale tulishafundishwa kwetu. Na nikinyamaza, naogopa wataona sijui kitu."

Wakaanza kulifuta na kuliandika upya, Daktari Tillery akiwachokoza kwa maswali, hadi likafunguka. Zaniya alipotoka, baba yake alikuwa amesinzia kwenye usukani. Akamgusa bega, akamwomba amshushie sanduku.

"Wewe binti," Roderick akasema akijinyoosha, "unajua nimeacha mtu amenyolewa nusu kichwa?"

Gari lilipokata kona, woga ukamrudia Zaniya kwa nguvu, nusura alikimbilie.

Haukumtoka kiangazi chote. Moyo ulimdunda kila alipoitwa jina, ila sasa alinyoosha mkono na kusema asipoelewa. Mwisho wa masomo alishika nafasi ya katikati darasani, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kumpata, akalia kidogo bafuni. Mwaka uliofuata aliomba tena, akachaguliwa. Asubuhi ya safari alitapika kifungua kinywa chote, akanawa uso, akaingia garini.