Ripoti Tatu za Uweis

Mume wangu Uweis huuza rangi na misumari hapa Malindi, na hajawahi kuugusa mpira wa besiboli. Hata hivyo ana timu. Aliianza mwaka aliovunjika mguu, katika mchezo wa kompyuta ambamo hakuna anayekimbia. Kuna majina na alama tu. Kila msimu huletwa vijana wapya, na timu huwachagua kwa zamu. Ukishampata wako humpeleka timu ndogo, ukamngoja miaka mitatu minne aive.

Kungoja Uweis anakuweza. Kuchagua ndiko kunakomshinda. Humtuma mpelelezi wa humo mchezoni akamtazame kijana, kisha humtuma wa pili, kwa kuwa huenda wa kwanza alilala. Kulikuwa na mrushaji mpira mmoja, Lewis, aliyesifiwa na wote wawili. Uweis akataka ripoti ya tatu. Ilipofika, Lewis alikuwa amechukuliwa na wengine, na mume wangu hakula chakula cha mchana. Timu yake imeshika mkia misimu sita, naye husema haraka haraka haina baraka.

Ndipo ikaja posa ya binti yetu Safaa. Kijana ni Mazin, fundi wa mafriji kule Mnarani. Safaa alimtaka, na aliniambia wazi. Uweis akajibu kama ilivyo ada: tupeni muda tuulizie. Kwa watu wengine muda huo ni wiki mbili.

Yeye alifungua daftari. Alimtuma Mnarani ndugu yake, kisha shemeji yake, kisha muuza samaki asiyetuhusu. Akaandika: swala, sitini na tano, hasira, hamsini, huenda ikapungua. Ulipofika mwezi wa tatu wa kungoja, Safaa aliacha kuuliza, na hilo lilinitia hofu kuliko maswali yake.

"Baba Safaa," nikamwambia, "kijana wa watu atakwenda zake."

"Imebaki ripoti moja," akasema.

Jumamosi alikuja Bwanamkuu, ami yake Mazin. Alikunywa kahawa, akauliza hali za jamaa zetu wote hadi walioko Lamu, kisha akasema, "Bwana Uweis, nimefuata jibu. Likiwa la, hilo nalo ni jibu."

"Tungali twaulizia. Kwani nyinyi hamkuulizia upande wetu?"

"Tulitaka, Mazin akakataa. Alisema Safaa si wa kuuliziwa, na yeye atangoja hata mwaka. Tuliochoka ni sisi wazee."

Niliona haya kwa ajili ya Uweis, tena nikamhurumia.

Kisha akaniuliza Safaa yuko wapi. Nikamwambia yuko jikoni, anamtilia mgeni kahawa nyingine. Akainuka, akamfuata mwenyewe, jambo nililokuwa sijapata kuliona kwa miaka ishirini na sita ya ndoa yetu.

Tulimsikia akisema, "Mwanangu, nimekuweka sana. Nisamehe. Ijumaa utaozwa, inshallah."

Safaa alilia mpaka kahawa ya mgeni ikapoa.