Yai Nililolipoza

Mbwa wa mama hakuwa na jina. Kwetu Zagayu mbwa anaitwa mbwa, anapewa ugali uliobaki na kazi ya kulinda zizi, basi. Mama anaishi peke yake tangu baba atangulie, ana mbuzi sita na kuku wa kuhesabika, na huko kwetu fisi hawaogopi mlango wa miti. Kilichowazuia ni yule mbwa jike. Mama alikuwa anasema kwamba akimsikia anabweka, anageukia upande wa pili na kuendelea kulala.

Mimi nafanya kazi ofisini mjini Bariadi, na kila Jumamosi napanda bodaboda kwenda kumwona mama. Nikiri mapema kwamba mimi ni mbishi. Nilizaliwa mbishi, nikasomeshwa, ubishi ukapata vyeti. Jumamosi moja nikamkuta mbwa ametoka kunyonyesha, amekonda, mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama ovyo. Roho ikaniuma. Nikaingia kwenye simu, nikasoma kwamba mbwa akipewa yai bichi manyoya yanalainika, na akila na ganda lake anapata madini ya mifupa. Wiki iliyofuata nikashuka kwenye bodaboda na trei zima la mayai ya kuku wa kisasa, nimelipakata njia nzima.

Mama alinitazama hivi hivi. Alisema kumlisha si vibaya, ila nimchemshie, nimenye, nisage na kuchanganya na ugali, mbwa asijue alichokula kimetoka wapi. Nikamwambia yai likichemshwa linapoteza nguvu, na ganda ndilo lenye faida. Akauliza nani kasema. Nikamwonyesha simu. Mama hasomi, lakini aliitazama ile simu kwa heshima zote, kisha akarudi kuanika michembe yake ya viazi.

Basi nikampa yai zima, mkononi mwangu. Mara ya kwanza alilinusa, akalisukuma kwa pua likabiringika. Nikalipasua kidogo kwa kucha ili aonje. Eh, hakungoja la pili lipasuliwe. Kuanzia hapo kila Jumamosi alikuwa akisikia pikipiki anakuja kukaa mbele yangu, mkia unafagia vumbi, macho kwenye mfuko. Baada ya mwezi manyoya yaling'aa kweli. Nilimpiga picha, nikawaonyesha wenzangu ofisini. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Kisha mayai ya mama yakaanza kupotea. Kuku wake alikuwa anaatamia chini ya kihenge cha nafaka, na kila siku moja linapungua. Mama akasema ni kenge. Akaziba matundu yote kwa mawe, akamwaga majivu kuzunguka kihenge aone nyayo. Jumamosi ile nilifika kabla hajaamka vizuri, nikaziona nyayo kwenye majivu, na kenge hana nyayo za namna ile. Unajua nilifanya nini? Nilichukua ufagio nikafagia. Mama alipotoka nikamsalimu, mwangaluka mayu, nikamwambia nimemsaidia kufagia uwanja. Mpaka leo nikikumbuka hiyo salamu naona haya.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mji wake, yaani boma lake, umepakana na wa mama. Jumamosi iliyofuata, nami nipo, alikuja na maganda kwenye kiganja. Kuku wake mwenye mayai kumi na moja alikuwa amebaki na matatu, na safari hii mwizi alionekana kwa macho. Hakufoka. Alikaa kwenye kigoda, akaeleza kwamba mbwa anayekula mayai ya kwao ni tatizo la mwenye mbwa, lakini akishavuka kwenda mji wa mtu anauawa, ndivyo ilivyo, na mama anajua. Mama alimwomba. Sikuwahi kumsikia mama akimwomba mtu kitu kwa sauti ile. Alimkumbusha kwamba hana mlinzi mwingine. Mwisho baba mdogo akakubali mbwa apewe yai la moto, mara moja tu, na akirudia, rungu.

Yai la moto ni hivi. Unalichemsha mpaka maji yanaruka, unalitoa na kitambaa, unampa mbwa hapo hapo kabla moto haujatoka. Analidaka kwa uroho, linapasukia mdomoni, linamuunguza ulimi na ufizi. Anashinda siku mbili tatu bila kula. Lakini harudii, hata umwekee yai kati ya miguu yake. Ni ukatili, sikatai. Ila mbwa wengi kwetu wamezeeka kwa sababu ya ukatili huo.

Mama aliweka sufuria jikoni, akanigeukia.

"Wewe ndiye uliyemfundisha," akasema. "Mpe wewe."

Kumbe alijua siku zote. Nyayo nilizofagia alikuwa ameshaziona alfajiri, kabla sijafika.

Nikatoka na yai nyuma ya jiko, limefungwa kwenye kitambaa, vidole vinaungua. Mbwa alikuwa ameshanisikia. Akaja akakaa kama anavyokaa kila Jumamosi, mkia unafagia vumbi. Hakuniangalia mimi, alikiangalia kitambaa. Nilijaribu. Naapa nilijaribu. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha. Pembeni palikuwa na ndoo ya maji ya kunywesha kuku. Nikalitumbukiza yai humo, nikangoja mpaka likawa vuguvugu tu, ndipo nikampa. Alilitafuna na ganda lake, akalamba na kiganja changu chote mpaka katikati ya vidole. Nilimbembeleza shingoni, nikajiambia kwamba atakuwa ameelewa. Ataelewa nini, jamani? Nilikuwa nimempa la Jumamosi, la moto kidogo.

Nikampigia baba mdogo simu nikamwambia tayari. Akauliza alilia? Nikasema alilia sana. Mama nikamwambia vile vile, akaitikia haya.

Kesho yake nilirudi Bariadi. Alhamisi mama alipiga simu nikiwa ofisini. Alisema mbwa alikutwa asubuhi chini ya kihenge cha baba mdogo, kichwa ndani ya kiota. Rungu moja, hakuteseka. Baba mdogo alimzika mwenyewe ukingoni mwa shamba la pamba, kisha akaja kumweleza mama kabla hajasikia kwa mwingine. Nilienda chooni nikalia huko, mtu mzima na kitambulisho cha kazi shingoni.

Jumamosi nilipoenda, baba mdogo alikuja kunipa pole. Alikuwa na jambo linamsumbua. Alisema tangu akue hajaona mbwa anayerudia baada ya yai la moto, labda siku hizi hata mbwa wamebadilika. Nilitazama chini.

Alipoondoka nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anasonga ugali, amenipa mgongo. Nikamweleza yote, ndoo, maji, uongo wa kwenye simu. Hakuacha kusonga. Nilingoja anikaripie, maana ningekaripiwa ningepata nafuu.

"Nilijua," akasema. "Jioni ile nilimwekea ugali umetoka motoni, akaumaliza. Mdomo ulioungua hauli hivyo."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Palikuwa na siku nne kati ya jioni ile na Alhamisi. Angeweza kuchemsha yai lingine mwenyewe, angeweza kumfunga kamba.

Mama aliepua sufuria, akaketi, akafuta mikono kwenye khanga.

"Nilifurahi, ng'wanawane, mwanangu," akasema. "Nilimwona anakula, nikafurahi."

Tukala. Kwa mazoea mama alibakiza tonge kubwa pembeni mwa sahani, akalishika, akaangalia mlangoni, akalirudisha. Jua lilipoanza kushuka aliinuka kwenda kuwaingiza mbuzi. Sasa wanalala ndani naye, wote sita, kwenye chumba ambamo mimi nilizaliwa. Nilimshikia mlango.